Gereji ya Tabata isiyo na stika ya Yesu hata moja: mwaka na nusu na IST yangu

Naanza na kasoro kabisa ili mtu asije kusema nimelipwa kuandika. Gereji haina sehemu ya kusubiria, kuna benchi moja la mbao chini ya mwembe na mguu wake mmoja ni tofali. Choo unaomba kwa mama wa nyumba ya jirani. Kazi ya siku moja inaweza kwenda siku tatu kwa sababu jamaa ana vijana wawili tu na hataki kuongeza, simu ukipiga mara ya kwanza hapokei maana mikono ina oili, na Jumamosi, siku ambayo sisi tulioajiriwa ndo tunapata nafasi ya kuhangaika na magari, amefunga. Ni Msabato. Ijumaa ikifika saa kumi jioni anaanza kukusanya spana zake na hata uje unalia hagusi gari mpaka Jumapili asubuhi.

Pamoja na yote hayo, mwaka na nusu sasa sijapeleka gari sehemu nyingine.

Jina lake wala la gereji siweki. Nilimwomba ruhusa akacheka, akasema "mdogo wangu, hayo magari manane unayoyaona hapo yananitosha, ukiniletea watu hamsini utanifanya nianze kusema uongo." Nilidhani utani, baadaye nikaja kuelewa kwamba alikuwa anamaanisha hivyohivyo, maana fundi akizidiwa ndo zinaanza zile njoo kesho, njoo keshokutwa, spea ipo bandarini, wakati hata boneti hajafungua. Kwa hiyo ni Tabata, kwa ndani ndani huko, inatosha.

Ilikuwaje nikafika kwake. Nina Toyota IST, ile toleo la kwanza, cc 1500, na magari mimi sijui kitu, najua kuweka mafuta na kupiga honi. Fundi wangu wa zamani nilikuwa nasali naye. Ukifika kwake salamu ni Bwana Yesu asifiwe, unajibu ameni, ukutani kaandika DAMU YA YESU kwa rangi nyekundu, redio ya injili inaimba toka asubuhi, na mimi ananiita mpendwa. Mpendwa hiki kimekufa, mpendwa tusipobadilisha kile utakwama njiani na familia. Mi nikishaitwa mpendwa nalegea, naona aibu hata kuuliza bei mara mbili. Siku moja akaniambia taimingi belti imechoka, ikikatika injini yote inaondoka nayo, nikatoa laki mbili na ishirini, spea na ufundi humohumo. Kesho yake jioni nafuata gari, jamaa akaweka mkono juu ya boneti akaliombea kabisa. Nikasema ameni nikaondoka nimefurahi.

Miezi kama minne mbele gari ikaanza kulia asubuhi ukiwasha, kelele kama ya paka aliyekanyagwa, na kipindi hicho yule mpendwa alikuwa hapatikani kwa simu, binamu yangu ndo akanielekeza Tabata.

Nikafika, shikamoo mzee, marahaba, na kabla hata hajauliza gari ina nini akaingia ndani akatoka na kauntabuku. Lile kubwa, kava limelowa oili mpaka limekuwa jeusi. Akaandika tarehe, namba ya gari, akachungulia kwenye dashibodi akaandika kilomita, akaandika mafuta yamebaki vijiti vitatu, akazunguka nyuma akafungua buti akaandika tairi ya spea ipo, jeki ipo, mwavuli mmoja, viatu vya mtoto jozi moja. Viatu vya mtoto jamani! Akanigeuzia daftari niweke saini. Hapo ndo akasema "haya, niambie."

Nikamwambia inalia, ila taimingi belti haiwezi kuwa maana ndo nimebadilisha juzi tu. Akanitazama kidogo, akafungua boneti akaniita nisogee. "Hii gari haina taimingi belti. Hizi injini za NZ ni za cheni, iko humu ndani, na hii kava toka imetoka Japani haijafunguliwa, angalia silikoni yake." Akapitisha ncha ya bisibisi taratibu kwenye ule mstari wa silikoni pembeni ya injini, haujakatika popote, vumbi na oili vimegandia juu yake miaka na miaka. Nilisimama pale nikahisi masikio yanapata moto. Kelele yenyewe ilikuwa feni belti, kuukuu, ina nyufa nyufa, hata hiyo yule mpendwa hakuigusa. Elfu ishirini na tano pamoja na kufunga, gari ikanyamaza.

Nikaanza kumtukana yule wa kwanza, na mimi nikitukana natukana, akanikatisha. "Sijui yeye alikuambia nini, sikuwepo. Mi nakuambia ninachokiona." Akaendelea kufuta mikono. Mafundi mliowahi kukutana nao mnajua, kitu cha kwanza fundi mpya anachofanya ni kumponda aliyetangulia, "nani alikufungia hivi?", ndo biashara inavyoanza. Huyu hana hiyo, na nimeshajaribu kumchokoza mara kadhaa.

Sasa niongelee vitu vidogo vidogo maana ndo vilivyonifanya nibaki.

Oili. Injini ya cc 1500 kama yangu ukibadilisha oili pamoja na filta inakula lita 3.7, galoni tunalonunua ni la lita 4. Kwa hiyo kila mara kuna oili inabaki, kama glasi moja na kidogo. Ni ya nani? Mi miaka yote sikujua hata kama inabaki. Huyu mzee anafunga kifuniko, anaweka kipande cha selotepu, analirudisha galoni kwenye buti yako. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua na vijiko vya oili, akaniambia nipige hesabu mwenyewe, magari kumi na tatu au kumi na nne fundi kapata galoni zima la kuuza. Toka siku hiyo nikipita kwenye magereji nikiona dumu limewekwa kona nacheka peke yangu.

Spea za zamani. Kila anachotoa anakiweka kwenye boksi la kile kipya na anakupa. Bushi, plagi, brekipedi zilizoisha, zote nimeletewa nyumbani, mke wangu analalamika stoo imekuwa skrepa. Yeye anasema ukitaka tupa, ila utupe wewe.

Halafu kuna suala la cha juu. Wenye magari wengi hawajui kwamba fundi akikupeleka duka fulani la spea anakula cha juu, muuzaji anapandisha bei na tofauti inarudi kwa fundi jioni kwa simu. Sio siri kwao, ni kama mshahara. Huyu anakuandikia karatasi, jina la spea, ubavu gani, orijino au ukikosa bora mtumba wa Japani kuliko mpya feki, anakuambia nenda Kariakoo mwenyewe, zunguka maduka matatu ndo ununue. Anachochaji ni ufundi tu. Na ufundi wake uko juu, nisidanganye, pale wenzake wanapochukua elfu arobaini yeye anasema sabini na hapungui. Nilimlalamikia mwanzoni, nikaona anajifanya. Baadaye nikakaa nikapiga hesabu ya mwaka mzima nikakuta natumia karibu nusu ya nilichokuwa natumia kwa mpendwa. Na usimletee habari ya "mzee mimi pia nimeokoka, nifikirie", atakuambia bei ya mpendwa ni hiyohiyo. Wateja wake wengi tu ni Waislamu, kuna mzee mmoja wa kanzu ana pikapu pale kila mwezi, wanabishana mpira huku gari imeinuliwa kwenye jeki.

Kuna siku alinipigia mwenyewe, kitu ambacho ni nadra. "Mdogo wangu, gari yako imetembea kilomita tisa ambazo sikuzituma." Kijana wake alimaliza kufunga, akatoka kujaribu barabarani, akaunganisha mpaka Buguruni kufuata chipsi. Mi nisingejua maisha yangu yote! Nani anakumbuka kilomita za gari yake? Alinikata elfu kumi kwenye bili, na yule kijana alikuja kuniomba msamaha akiwa ameinamisha kichwa, nikamwonea huruma hadi nikataka kumpa hiyo elfu kumi.

Na siku nyingine alisema kubadilisha bushi za mbele ni elfu themanini ufundi, tukakubaliana. Bolti moja ikawa imeshikana na kutu, haitoki kwa spana wala kwa nyundo, wakaikata na grinda, wakaenda kutafuta nyingine, kazi ya asubuhi moja ikaisha kesho yake jioni. Nilikuwa nimejiandaa kabisa kwa laki na nusu. Akasema themanini. Nikamwambia mzee umehangaika siku mbili, akasema bei alitaja kabla ya kuona bolti, ni kosa lake. Kama umesoma Zaburi ya 15 unajua kuna mtu anaelezwa pale, yule anayeapa kwa hasara yake na habadili maneno. Nimeisoma hiyo zaburi toka shule ya Jumapili, sikuwahi kufikiri ni habari ya bolti.

Haya, sasa sehemu ambayo nimeiandika nikafuta mara tatu.

Mwaka jana ofisi ilinituma Ifakara kikazi, nikaenda na gari yangu maana ya ofisi ilikuwa mbovu, makubaliano ni kwamba ikiharibika safarini wanarudisha gharama, mwisho laki nne. Barabara ikanimaliza, nimerudi shokapu mbili za mbele zinavuja na stablaiza linki zinagonga kama ngoma. Spea zikatoka laki moja na tisini na tano, risiti ya dukani ipo, ufundi elfu sabini. Jumla laki mbili na sitini na tano. Nikamwambia mzee, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeomba maji, "kwenye risiti yako ya ufundi niandikie laki mbili na tano." Ili ijae laki nne, si ndo kiwango chenyewe?

Kwanza akajibu kibiashara, kwamba risiti ya mashine inaenda TRA, akiandika laki mbili na tano ni kodi ya hela ambayo hajaishika. Nikamwambia basi niandikie ya mkono. Akaacha kufuta mikono. Akasema, pole pole tu, hakupandisha sauti, "Sasa nikishakuandikia hiyo, kesho nikikuambia beringi yako imekufa utaniamini vipi?"

Sikuwa na jibu. Nilichukua risiti ya elfu sabini nikaondoka na hasira, na hasira yenyewe nilikuwa sijui namkasirikia nani. Njiani ndo ikaja kunijia kwamba yule mpendwa wa kwanza aliwahi kuniandikia risiti za namna hiyo mara mbili, tena bila hata kuuliza, aliandika huku anaimba pambio. Na mimi nilimwona ni mtu mwema anayejua maisha. Yaani aliyekuwa ananiibia mimi na aliyekuwa ananisaidia kuiba ni mtu yuleyule na kalamu ileile, halafu nikashangaa eti kanitoza taimingi belti kwenye gari ya cheni. Niongeze na hili, mi ndo mtunza hazina wa jumuiya yetu, sadaka za kila Alhamisi zinalala kabatini kwangu na hakuna aliyewahi kunihesabia. Hizo sijawahi kugusa hata shilingi. Ila za ofisi niliziona kama za hewa vile, za wazungu, za bajeti, sijui niseme za nani.

Zile risiti mbili ziko kwenye faili mpaka leo, nilizidisha kama laki na nusu kwa pamoja. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, mimi hata mara moja bado, nimeshafika mlangoni kwa mhasibu mara mbili nikaishia kuuliza habari za per diem.

Kitu kimoja ambacho nakiona na naomba nisichukuliwe vibaya, kanisani kwetu mahubiri ya uzinzi na pombe nimeyasikia mpaka naweza kuyahubiri mwenyewe, ila ile Mithali 11 inayosema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana sikumbuki mara ya mwisho kuisikia kwenye mimbari. Na nusu ya watu tunaokaa pale tuna mizani, au tuna risiti, au tuna kalamu ya kusaini kitu. Nilimuuliza mzee kwa nini hana hata stika moja ya neno la Mungu pale gereji, ana kalenda tu ya duka la matairi. Akasema alikuwa nayo zamani, mvua ilibandua, hakukumbuka kubandika nyingine. Nilitegemea jibu la maana zaidi kuliko hilo.

Sasa turudi kwenye Jumamosi maana hii bado inaniuma. Tulikuwa na harusi Kibaha, Jumamosi saa nne asubuhi, niko na mke, watoto watatu na mama mkwe amevaa vitenge vyake, tunapandisha Kimara na foleni ile, hosipaipu ya rejeta ikapasuka. Mvuke ulijaa mpaka watu wa daladala wanapiga kelele. Nikampigia mara nane. Simu imezimwa. Nikaokota fundi wa njiani akafunga na mpira wa baiskeli, akachukua elfu hamsini, tukafika harusini wakati watu wanakula. Mzee akanipigia saa moja usiku, jua likiwa limezama zamani, pole nyingi, akaniambia nisiisogeze gari, Jumapili alfajiri anakuja Kibaha mwenyewe. Na kweli alikuja, saa kumi na mbili na nusu, na hosipaipu mkononi, hela ya nauli alikataa.

Nilimbana hapohapo. Nikamwambia mzee, Yesu mwenyewe aliuliza nani kati yenu ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya sabato asimtoe? Akacheka mpaka akashika boneti. "Ng'ombe ana roho, mdogo wangu. IST haina." Nikamwambia mama mkwe je, yeye hana roho? Hapo akanyamaza, akasema hilo alipaswa kulifikiria. Wiki mbili baadaye akanitumia namba ya fundi mwingine, Mlutheri, wa Segerea, kwamba Jumamosi nikikwama nimpigie huyo, ameshaongea naye na bei ya ufundi ni ileile. Sijamjaribu bado kwa hiyo siwezi kumsemea.

Kwa ufupi kwa wenye haraka: kama unataka gari leo leo, usiende. Kama unataka fundi wa kukuandikia chochote unachotaka kwenye risiti, usiende, utapata aibu ya bure mbele ya vijana. Injini, miguu, breki, yuko vizuri sana. Umeme wa gari na AC hajui na atakuambia hajui, mi alinifukuza na AC yangu dakika ya kwanza. Kupuliza rangi hafanyi. Lipa kwa simu au keshi, risiti anatoa bila kuombwa. Nenda Jumatatu au Jumanne asubuhi, beba kitabu cha kusoma na maji ya kunywa, na kwenye benchi kaa upande usio na tofali.

Nyota nne. Ya tano nimeishikilia kwa ajili ya ile Jumamosi ya Kimara, na mama mkwe anasema hata nne nimezidisha.